Mwanangu alipotaka kuunda amplifaya, tulianza na transfoma

Likizo ndefu inayofuata mtihani wa kidato cha nne ina mambo yake, na mzazi mwenye kijana wa umri huo anaelewa ninachosema. Wapo wanaopelekwa kwa bibi kijijini, wapo wanaoandikishwa kozi ya kompyuta, wapo wanaolala mpaka saa nne asubuhi. Binti yangu, mwenye miaka 17, aliniambia anataka kuunda amplifaya ya gitaa. Hakusema kununua. Alisema kuunda, kwa mikono yake, na tena iwe ya valvu.

Kwa wasiozijua, valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, vinavyowaka rangi ya chungwa vikishapata joto. Redio za siku hizi hazina. Wapiga gitaa wengi duniani bado wanazitaka kwa ajili ya sauti yake: ukipiga taratibu inatoka safi na nene, ukikaza mkono inakwaruza kidogo, kama mwimbaji anayepandisha sauti. Binti yangu anampenda marehemu Mbaraka Mwinshehe, jambo lililonishangaza, maana Mbaraka alifariki mwaka 1979 na mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Umeme siujui sana, lakini kuuliza najua. Nikamuuliza, "Humo ndani kuna volti ngapi?"

Akajibu kwa sauti ya chini, "Mia tatu na kitu, mama."

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230 na unaua. Huu aliokuwa anautaja unauzidi, na mwanangu alitaka kuuingiza kwenye sanduku la bati ambalo atakuwa ameliunganisha kwa waya na gitaa analolishika kwa mikono yote miwili.

Niseme ukweli kwa mzazi mwenzangu: kama mtoto wako anataka kupiga gitaa tu, mnunulie amplifaya ndogo ya dukani. Itakuwa ya bei nafuu, nyepesi na salama zaidi. Nilimwambia binti yangu hivyo hivyo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha daftari. Alikuwa ameshachora mzunguko wote, ameandika kila kifaa na kazi yake. Kurasa kumi na mbili. Nimefundisha miaka mingi, na najua tofauti ya mtoto anayetamani kitu na mtoto aliyekwisha kuanza kukifanya. Huyu wa pili ukimkatalia, atakwenda kufanyia kwa rafiki yake, chumbani, mlango umefungwa.

Nikakubali kwa masharti matatu. Tumpate mtu mzima anayezijua valvu. Hakuna kuchomeka chochote ukutani nisipokuwa nyumbani. Na kila kitakachonunuliwa nielezwe kwanza kinafanya nini. Sharti hili la tatu ndilo lililotufikisha kwenye transfoma, na hapo tukakaa karibu mwezi mzima.

Mtu mzima tulimpata Temeke, mzee fundi redio aliyeanza kazi wakati redio za valvu bado zinaletwa kwake kutengenezwa. Binti yangu anamwita Babu. Yeye ananiita Mwalimu. Siku ya kwanza alilichukua lile daftari, akalisoma polepole bila kusema neno, akalifunga. "Amechagua vizuri," akasema. "Wati tano. Valvu tatu. Hakuna mbwembwe."

Mzunguko wenyewe ni wa namna ya Champ, amplifaya ndogo ya Fender ya miaka ya 1950. Leo Fender naye alianza kama fundi redio. Mwaka 1938 alifungua karakana ya redio mjini Fullerton, California, kabla ya gitaa zake kujulikana. Mzee alifurahi sana kuambiwa hilo. Katika Champ valvu ya kwanza, 12AX7, inapokea sauti hafifu ya gitaa na kuikuza. Ya pili, 6V6, inaipa nguvu ya kusukuma spika. Ya tatu, 5Y3, inaugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda upande mmoja. Vifaa vingine vidogo vidogo unaweza kuvikusanya Kariakoo kwa siku moja ukiwa na subira.

Transfoma ni habari nyingine. Zinahitajika mbili, na peke yake zinakaribia nusu ya gharama yote. Binti yangu alitaka kuziacha mwishoni, fedha zikipatikana. Mzee akakataa. "Transfoma ndiyo inakuambia volti utakazopata, ukubwa wa sanduku, mpaka spika utakayofunga. Anza nayo, vingine vitaifuata."

Kwa lugha ya kawaida, transfoma ni koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Koili ya kwanza inaitwa praimari, ya pili sekondari, kama shule. Umeme unaingia praimari, unakitia chuma usumaku unaobadilika-badilika, na usumaku huo unazaa umeme mwingine kwenye sekondari. Waya wa koili moja haugusani na waya wa nyingine. Sekondari ikiwa na raundi nyingi kuliko praimari, volti zinapanda; ikiwa na chache, zinashuka.

Mimi nilikamata pale pa kutogusana. Maana yake, kati ya nguzo ya umeme barabarani na mwili wa mwanangu kuna ukuta, na ukuta huo ni transfoma ya umeme. Yapo mengine yanayomlinda, lakini huo ndio ukuta wenyewe. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuliona suala hili kama ununuzi wa vipuri.

Basi kaka yangu akapiga simu kutoka Tanga.

Kaka ndiye aliyempa binti yangu gitaa, la umeme, lililotumika, na kwa hiyo ana haki ya kusema. Alikuwa amesikia habari ya gharama. Pale nyumbani kwa wazee bado ipo redio ya marehemu baba, ya mbao, ya valvu, ile iliyokuwa ikituamsha asubuhi. "Mdogo wangu, mnahangaika nini? Humo ndani kuna kila kitu. Naituma kwa basi. Mwambie mjomba wake ametoa."

Redio ikaja imefungwa kwenye blanketi. Binti yangu aliipokea kama mtoto mchanga. Tukaipeleka Temeke. Mzee akafungua kifuniko cha nyuma, akawasha tochi, akaanza kusoma maandishi kwenye valvu moja moja: UCH81, UBF89, UABC80, UL84, UY85. Akazima tochi.

"Mjukuu, herufi ya kwanza ni gani?"

"U, Babu. Zote."

"Basi humu hakuna transfoma ya umeme."

Akatueleza. Valvu za Ulaya zinasomeka kwa herufi ya kwanza. Ikiwa E, kama ECC83 au EL84, hita yake inatumia volti 6.3, na redio yake kwa kawaida ina transfoma. Ikiwa U, hita zimetengenezwa kuunganishwa kwa mfululizo, mkia kwa kichwa, ili zigawane umeme wa ukutani moja kwa moja. Watengenezaji walifanya hivyo kupunguza gharama na uzito. Kwenye redio nyingi za namna hii, lile bati la ndani, ambalo mafundi wanaliita chesisi, limeunganishwa na waya mmoja wa umeme wa ukutani. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili. Ukiichomeka upande mmoja chesisi iko salama. Ukiigeuza, chesisi yote ina umeme wa nyumba. Msikilizaji hakudhurika kwa sababu alikuwa anagusa mbao na vifundo vya plastiki tu.

"Sasa gitaa," Mzee akaendelea. "Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chesisi. Lazima ziwe hivyo, la sivyo inanguruma. Ukifunga gitaa kwenye kitu kama hiki, umemkabidhi mtoto waya wa TANESCO mkononi."

Sikuwa na swali.

Kazi ngumu ilikuwa kumrudia kaka. Ni mkubwa wangu, amesimama mahali pa baba tangu mzee alipofariki, na zawadi yake nilikuwa naikataa. Nilimpigia jioni, nikaanza na salamu zote, habari za shemeji, habari za watoto, mpaka mwenyewe akaniuliza, "Unataka kuniambia nini?" Nikamweleza lile la chesisi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini baba alikuwa anaigusa kila siku." Nikamwambia baba alikuwa anagusa mbao. Hakuridhika. Alisema tunadanganywa na fundi anayetaka kutuuzia vitu vyake. Tukaagana kwa adabu, lakini hakupiga simu kwa wiki mbili, na binti yangu alijua sababu.

Njia ya pili ilitoka kwa rafiki yangu mwenye ndugu Marekani. Kule jozi za transfoma za Champ zinauzwa tayari, mpya, na ndugu alikuwa anakuja likizo. Tatizo ni kwamba umeme wa Marekani ni volti 120 na unakwenda na kurudi kwa kasi ya mara 60 kwa sekunde, wakati wetu ni volti 230 kwa mara 50. Watu wakatuambia, si mnunue lile sanduku la kushusha volti, yamejaa madukani. Nadhani wazazi wengi wangejibu hivyo hivyo, maana tunayatumia kwa blenda za kuletewa.

Mzee akachukua kalamu, na hapa nilijisikia nipo kazini. Kwa kanuni aliyoitumia, chuma chenye unene wa sentimita za mraba 10 kinahitaji takriban raundi 3.75 za waya kwa kila volti moja ya umeme wetu. Kwa volti 230 unapata raundi kama 863. Chuma hicho hicho kikitengenezewa umeme wa mara 60 kinatosheka na raundi 3.1 hivi kwa volti. Kwa praimari ya volti 230 ni kama raundi 719. Ni waya mdogo zaidi, chuma kidogo zaidi, bei nafuu zaidi, na kwa Marekani ni sawa kabisa. Lakini sanduku la kushusha volti halibadilishi zile mara 50 kuwa 60. Transfoma ya Marekani isiyoandikwa kuwa inafaa mara 50 itabebeshwa usumaku asilimia 20 zaidi ya ilivyopangiwa, itanguruma, na itapata moto. Zaidi ya hayo, masanduku mengi ya kushusha volti yana koili moja tu iliyotobolewa katikati. Hayatenganishi chochote. Yanashusha volti, ukuta hayajengi.

Kwa hiyo, mzazi ukiagiza transfoma kutoka nje, soma maandishi mawili: praimari iwe na 230 au 240, na iandikwe 50 au 50/60. Wapo watengenezaji, kama Hammond wa Kanada, wenye aina zenye praimari ya nchi nyingi. Zikiwa na sehemu kadhaa za kuunganisha, mfano 220, 230 na 240, pima umeme wa kwako kwa siku kadhaa kabla ya kuchagua. Kwetu usiku unapanda hadi 245. Ukiunganisha hapo kwenye 220, zile volti 6.3 za hita zinakuwa 7, na valvu zinazeeka mapema. Tukaamua 240.

Njia ya tatu ndiyo iliyonivutia mimi, kwa kuwa napenda kazi ibaki hapa. Dar es Salaam ina mafundi hodari wa kusuka mota. Ukienda Gerezani utaona vijana wanasuka mota ya pampu kwa mkono na inarudi kazini. Mzee mwenyewe amesuka transfoma nyingi. Nikamwomba atusukie zote mbili. Akakubali moja, akakataa nyingine.

"Ile ya umeme sikusukii, Mwalimu. Si kwamba sijui. Kiwandani, transfoma ikimalizika wanaipiga zaidi ya volti elfu moja kati ya praimari na sekondari waone kama kuna mahali patavuja. Mimi hiyo mashine sina. Karatasi moja ikikunjwa vibaya ndani, mimi sitaiona na wewe hutaiona. Itaonekana mwaka wa tatu."

Sijawahi kumwamini fundi kama nilivyomwamini baada ya maneno hayo.

Ndivyo fedha zilivyogawanyika. Transfoma ya umeme tuliinunua mpya, ya kiwandani, kwa bei iliyonifanya niahirishe kubadilisha pazia na viti vya sebuleni. Ya sauti ingesukwa Temeke. Kama yule wa sauti akisukwa vibaya, hasara yake itakuwa besi dhaifu au fyuzi kukatika, kwa sababu ncha moja ya sekondari yake inafungwa kwenye chesisi, na chesisi inafungwa kwenye waya wa ethi.

Ukubwa wa ile ya umeme nao ulitaka hesabu. Hita ya 12AX7 inakula ampea 0.3 na ya 6V6 inakula 0.45, jumla 0.75 kwa volti 6.3. Valvu ya 5Y3 inataka volti 5 zake peke yake, ampea 2. Umeme wa volti nyingi ni kama miliampea 50 tu. Ukichagua ndogo mno itaungua, hilo kila mtu analijua. Nisilolijua ni kwamba kubwa mno nayo ina kasoro: ikiwa na mzigo mwepesi volti zake zinapanda kuliko zilizoandikwa, na uzito unaongezeka bure. Binti yangu alitaka sekondari ya 325-0-325 kama Champ ya zamani. Mzee akamshusha hadi 275-0-275. Alisema valvu za 6V6 ni ghali kwa mtoto wa shule, afadhali zifanye kazi bila kukimbizwa. Wakabishana kidogo kuhusu wati zitakazopotea. Mimi nilikuwa upande wa volti chache na sikuficha.

Transfoma ya sauti ndiyo iliyokuwa tamu. Valvu ya 6V6 ina volti nyingi na mkondo mdogo. Spika inataka volti chache na mkondo mkubwa. Transfoma inakaa katikati kama gia ya baiskeli. Valvu ile hufanya kazi vizuri ikihisi mzigo wa omu 5000, na spika yetu ni ya omu 8. Tulikaa mezani baada ya chakula, mimi na binti yangu. 5000 gawanya kwa 8 ni 625. Kipeo cha pili cha uwiano wa raundi ndicho kinacholeta 625, kwa hiyo tafuta kipeuo: 25. Raundi 25 upande wa valvu kwa kila raundi moja upande wa spika. Kwa miaka yote niliyofundisha vipeuo vya pili, watoto wameniuliza vinatumika wapi, nami nikawajibu kwa mfano wa shamba la mraba. Sasa nina mfano mwingine. Na ukifunga spika ya omu 4 mahali pa ile ya 8, 625 mara 4 ni 2500, valvu inahisi mzigo nusu ya unaoitakia mema. Binti yangu alilifikia hilo kabla yangu.

Babu akamwonyesha ujanja mmoja wa mtaani, ili aujue na ajue kwa nini hatuutumii. Spika za honi, zile za misikitini, makanisani na mashuleni, nyingi zina transfoma ndogo nyuma yake, za laini ya volti 100. Ile sehemu iliyoandikwa wati 2: mia mara mia, gawa kwa mbili, unapata omu 5000. Namba ile ile! Binti yangu aliruka. Lakini katika amplifaya ya valvu moja ya nguvu, miliampea 45 zinapita kwenye praimari muda wote, upande mmoja tu, hata usipopiga gitaa. Chuma kinashiba usumaku, kikishashiba hakina nafasi ya sauti, na besi inakuwa ya kwanza kupotea. Dawa yake ni kuacha mwanya. Transfoma ya kawaida mabati yake ya E na I yanapishana, moja huku moja kule. Hii yetu, E zote zinakaa upande mmoja, I zote upande wa pili, na kati yake kinawekwa kipande cha karatasi. Unene wa karatasi ile mtu hauoni kwa mbali, na ndio unaoamua.

Walisuka siku nne. Binti yangu alihesabu raundi kwa sauti, Babu akishika waya. Kila tabaka karatasi, kisha tabaka jingine. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutikisika mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo transfoma haina haja ya kufika chini zaidi ya hapo kwa mbali, lakini Babu alichagua chuma kikubwa kidogo kuliko cha Champ. Alisema muziki wa dansi bila besi ni malalamiko.

Wakati wakisuka, mimi nilishughulika na ukuta wa nyumba. Soketi zetu zina matundu matatu, na sijawahi kuwa na sababu ya kuzitilia shaka. Nikamwita fundi umeme apime ethi. Tundu la tatu la sebuleni lilikuwa halina waya nyuma yake. Halikuunganishwa na kitu. Nakuomba nawe uite mtu apime. Bisibisi ya testa haitakuonyesha hilo. Mwenye nyumba alikubali tukatane kwenye kodi, ikachimbiwa fimbo ya ethi, na ikafungwa swichi inayokata umeme unapovuja. Mwaka 1972, mpiga gitaa kutoka Uskoti, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, kwa kushika maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa. Kisa hiki binti yangu alikuwa nacho kwenye daftari lake, ukurasa wa tisa. Alikuwa hajaniambia.

Tukaandika kanuni na kuzibandika juu ya meza ya kazi. Hafungui sanduku akiwa peke yake. Akishachomoa, anasubiri na kupima kwa mita kabla ya kugusa, maana kapasita zinashika chaji hata plagi ikiwa mkononi. Rezista ya kuimwaga ipo, lakini anapima. Mkono mmoja mfukoni. Viatu miguuni. Na asiwashe bila spika kufungwa, kwani hapo transfoma ya sauti inaweza kujiunguza ndani kwa ndani, siku nne za kusuka zikapotea.

Siku ya kuwasha, Babu alitaka balbu ya zamani, ya waya wa ndani, wati 60, ifungwe kwa mfululizo na amplifaya. Kukiwa na hitilafu, balbu inawaka sana na kuzuia umeme mwingi kupita. Madukani zimebaki za LED tu. Tulizipata kwa muuza vifaa vya ufugaji, wanazotumia kupasha joto vifaranga.

Balbu iliwaka, ikafifia, ikabaki na wekundu. Ndivyo inavyotakiwa. Wakaitoa balbu, wakachomeka moja kwa moja. Mita ikasoma volti 318. Babu alishika transfoma ya umeme kwa kiganja baada ya nusu saa, na tena baada ya saa moja. Ilikuwa na joto la chai iliyosahaulika. Binti yangu akachomeka gitaa. Nilikuwa nimeegemea mlango, karibu na swichi kuu, na nilikaa hapo mpaka alipomaliza wimbo wa tatu.

Kaka alikuja Dar mwezi uliofuata kwa shughuli zake. Hakutaja redio. Alikaa kwenye kile kiti kilichochakaa, akasikiliza, akamwomba mjomba'ake arudie kipande kimoja mara mbili. Kisha akaomba aonyeshwe transfoma. Binti yangu akazima, akachomoa, akasubiri, akapima, akafungua sanduku, akaanza kueleza praimari na sekondari. Kaka akamkatiza: "Na ile ya babu yako, haiwezi kuwekewa hii?"

Inawezekana. Ipo transfoma ya kutenganisha, yenye raundi karibu sawa pande zote mbili. Inaingia volti 230, inatoka volti 230, kazi yake ni kujenga ukuta tu. Redio inafungwa nyuma yake. Mzee anasema ya nguvu ya wati 100 inatosha na kubaki, ila nayo ni ya kiwandani, hataisuka. Kaka ameahidi nusu ya bei. Binti yangu ameshaandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.